Mpishi Hula Mwisho

Njombe,
Jumapili, baada ya misa.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Mwakeye, salamu yetu ya Kiha, na makofi yake nakupigia hapa hapa mezani, watoto wananishangaa napiga makofi peke yangu. Barua hii ikukute umekaa kibarazani hapo Bangwe, mguu ule unaokusumbua umeunyoosha juani, na chai yako ya mchaichai iko pembeni. Najua sasa ziwa limefungwa samaki wapumzike, kwa hiyo nawe angalau unapumzika. Likifunguliwa, tafadhali usikimbilie mwenyewe mwaloni, mitumbwi inapotua, kuchagua dagaa. Umtume Nyandwi. Huyo mwanao wa mwisho atakuletea wenye mchanga, najua, lakini heri mchanga kuliko uteleze kwenye yale mawe. Sisi huku ni wazima. Baridi ndiyo inayotuonea. Asubuhi nikitoka kuwasha moto vidole vinakataa kushika kiberiti, na mimi mtoto wa joto la ziwa nimekuwa mtu wa masweta mawili na soksi za mume wangu.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Mama, simu yako unaiweka sauti ya juu, ua mzima unasikiliza, na kabla sijamaliza neno shangazi ameshadakia. Haya ya leo nataka uyasome wewe na miwani yako, polepole. Ukimaliza, ukitaka kumsomea shangazi msomee, maana najua hutavumilia. Barua nimeichomeka juu kabisa kwenye gunia la viazi, ndani ya mfuko wa nailoni isichafuke. Viazi ni vya shamba letu. Parachichi nimezifunga kwa gazeti, uzile zikilainika.

Mara ya mwisho kwenye simu uliniuliza, "Watoto wanakula?" Nikakujibu wanakula. Ukasema, "Haya." Ile haya yako naijua tangu nikiwa mdogo. Basi leo nakujibu vizuri.

Hawakuwa wanakula, mama. Faraja, yule mkubwa, ana miaka tisa, na mdogo wake Meshaki ndiyo kwanza kaanza darasa la awali. Kama unavyojua, mama yao alifariki Meshaki akiwa bado mchanga, wakalelewa kijijini na bibi yao mzaa mama mpaka baba yao aliporudi kutoka kwenye ile kazi ya barabara ya kwetu, akiwa na mimi mke wake wa ndoa. Akawachukua tuishi nao. Bibi yao hakukataa. Ila siku tunawachukua aliniita pembeni, akanishika mkono, akaniambia, "Mwanangu, shule zikifungwa nitakuja kuwatazama. Nikizikuta shingo zao zimekonda, narudi nao." Alisema kwa upole kabisa, wala hakukunja uso. Ndiyo maana niliogopa.

Na shingo zilianza kukonda. Chakula kikiwekwa mezani, Faraja anaweka kijiko kimoja mdomoni, kimoja tu, anatafuna polepole kama mtu anayesikiliza kitu, anaweka kijiko chini. Meshaki hata kuonja haonji, anamtazama dada yake. Namwambia, "Kula baba." Ananijibu ameshiba. Ameshiba nini, wakati uji wa asubuhi ameuacha na ngozi imeshatanda juu? Walichokuwa wanakula ni uji wa shuleni, mapera waliyoyachuma wenyewe, na viazi walivyojichomea kwenye majivu. Nikajiambia kumbe hawa wanapenda viazi vya kuchoma. Nikajiona nina akili.

Nikasema wanachagua chakula. Watoto wa siku hizi wanachagua, majirani zangu wote wanalia hivyo hivyo. Na mimi unanijua, mama, mtu akikikataa chakula changu nahisi ametukana ukoo mzima. Mtoto wa Bangwe, niliyekaa jikoni kwako tangu nikiwa nalingana na mafiga, nishindwe na watoto wawili wa Njombe? Nikafunga kanga kiunoni.

Nikaanza na mzigo wako, wale dagaa na lile dumu la mawese. Siku nilipolifungua dumu niliacha kila kitu nikakaa chini. Na mawese yalipogusa sufuria ya moto, mama, sikuwa Njombe tena. Nilikuona umeinama unapuliza kuni, unaniambia niyaache yachemke lakini yasiungue, maana yakiungua wekundu unakimbia na utamu unaufuata. Nilisikia wanawake wanapita nyuma ya nyumba na mabeseni kichwani, wanapandisha kutoka mwaloni, maji yanawachuruzika mabegani, wanakusalimia bila kusimama. Nililia kidogo, nikasingizia kitunguu. Nikawaunga dagaa kwa nyanya, nikasonga ugali wa muhogo ule mlaini unaovutika, nikapeleka mezani nimejaa raha.

Meshaki akachungulia bakuli, akarudisha kichwa nyuma. "Wananiangalia," akasema.

"Nani?"

"Hao samaki. Wana macho."

Faraja akala kijiko kimoja. Baba yao aliporudi kutoka kwenye kiwanda cha mbao akala mpaka akalamba vidole, akaanza kusimulia Kigoma, na watoto wakamtazama anavyokula kwa macho ambayo sikuyaelewa siku ile.

Kesho yake nikawakata dagaa vichwa vyote, mmoja mmoja, nikawachovya kwenye unga nikawakaanga wakauke kama karanga. Kijiko kimoja. Nikapika maharage kwa mawese, yale yako ya Jumamosi, mazito, yaliyolala kwenye moto wa taratibu. Kijiko kimoja. Nikatafuta kisamvu kwa wafanyabiashara wanaopandisha mizigo kutoka joto la chini, nikatwanga sombe kwa kinu cha kuazima mpaka jirani akaja kuuliza kama tuna msiba. Nikaitia karanga. Faraja akaniuliza, "Hii inaitwaje?" Nikamwambia sombe. "Inatoka wapi?" Nikamwambia kwetu, Kigoma. Uso wake ukajifunga. Nikaponda viazi vya hapa hapa kwao, nikawasaga dagaa wakawa unga, nikawaficha katikati, nikaviringa na kukaanga. Meshaki alikipasua kiazi, akanusa, akakiweka chini kwa adabu kama anarudisha kitu cha watu. Hata vitumbua vya dagaa nilipika, mama. Usicheke. Ningekuwa na wewe karibu usingeniruhusu.

Na kila chakula kilichokataliwa sikukirudia. Niliona kama nimefukuzwa mlangoni, na mimi nikifukuzwa sirudi. Kila siku kipya, kila siku naamka nikiwaza nitawapikia nini ambacho hawajawahi kukiona. Majirani bombani wakaanza kunitupia maneno ya pembeni. Mmoja alisema, akiwa anaangalia ndoo yake, kwamba mtoto wa mwenzio ni kazi. Nilijibu nikamaliza, halafu njia nzima ndoo ikawa nzito.

Lakini adabu yako sikuiacha, mama. Nilikuwa nawanawisha mikono, napakua, nahakikisha kila mtu ana chake, halafu narudi jikoni. Mpishi hula mwisho. Hukuniambia kwa maneno mengi, nilikuona tu. Nakukumbuka unampakulia baba na wavuvi wenzake waliokuja naye, kisha sisi, kisha mtoto wa jirani aliyejikuta yuko kwetu wakati wa kula kila siku, na mwisho unakaa kwenye kigoda chako jikoni na sufuria mapajani, unabandua ukoko unachovya kwenye kilichobaki. Sijawahi kukuona unatangulia kutia tonge mdomoni mbele ya mtu uliyempikia. Na shangazi alivyomsema yule mke wa jirani kwa sababu alikaa akala na wageni, mpaka leo nasikia aibu kwa niaba yake. Kwa hiyo huku ugenini nilitaka waone kwamba nimelelewa. Nilikula jikoni, peke yangu, wakishamaliza kutokula.

Ikafika Jumamosi moja mchana. Nilikuwa nimepika wale samaki wako, migebuka mikavu, kwa karanga, nikawapakulia, nikatoka kwenda kuanika nguo nyuma ya nyumba. Kamba yetu iko karibu na dirisha la sebuleni. Nimeshika suruali ya baba yao imelowa, nikamsikia Faraja.

"Subiri. Hii ni mpya."

"Nina njaa," Meshaki akasema.

"Najua. Nimeonja mimi. Kesho nikiamka mzima utakula."

"Kesho atapika nyingine."

Meshaki akaendelea, "Yale maharage uliyala. Hukufa."

"Hajayapika tena."

"Mbona baba anakula?"

"Baba ameshalishwa. Shuleni wameniambia, watu wa Kigoma wakishakulisha dawa yao huwezi tena kukataa chakula chao. Wewe umewahi kumwona yeye mwenyewe anakula?"

"Hapana."

"Basi. Nenda kachome viazi."

Mama, nilisimama pale na ile suruali mpaka maji yakanilowesha soksi. Kwanza zilinipanda hasira, na hasira zangu unazijua. Tangu nifike huku, nikitaja Kigoma lazima mtu acheke, aniulize nilikuja kwa basi au kwa ungo. Nami nilikuwa nacheka nao, nikidhani utani unaishia sokoni. Kumbe unaingia madarasani, unarudi nyumbani na watoto. Nilishavuta pumzi niingie na maneno yangu yote.

Halafu nikaelewa nilichosikia. Yule mtoto alikuwa anaamini chakula changu kinaua, na bado kila siku alikitia mdomoni kwanza yeye, ili mdogo wake apate kula kesho. Na kesho mimi nikaja na kipya, kwa sifa zangu za upishi, na yeye akaanza upya kuonja na kusubiri. Nilikuwa nawashindisha njaa kwa bidii. Nikakaa chini kwenye majani nikalia, suruali ikaanguka kwenye vumbi, na nilipomaliza kulia nikaifua tena.

Nikiwa naifua ndipo nikamkumbuka babu wa Kasulu, baba yake baba. Unakumbuka tulivyokuwa tunapanda kwake Krismasi, wageni wamejaa uani, mtungi wa pombe ya ndizi unaletwa? Anapokea yeye, anapiga funda la kwanza mbele ya watu wote, anajifuta mdomo, ndipo anampa mgeni. Mimi nilimuuliza siku moja kwa nini anakuwa mlafi kwake mwenyewe. Wewe ulinifinya. Yeye akacheka, akasema, "Si ulafi, mwana wanje, mjukuu wangu. Namwambia mgeni wangu kwamba kama humu mna ubaya, umeanza na mimi." Nikaona nilichokosea. Nilikuwa nimekuja na adabu yako, nikaiacha yake huko milimani.

Jioni ile sikuandaa meza. Nilitandika mkeka chini, nikapika kile kile cha kwanza, dagaa wa mawese na ugali wa muhogo, nikauweka kwenye sinia moja na dagaa katikati. Nikawanawisha watoto, nikanawa na mimi, nikakaa. Mwili ulikuwa unakataa, mama, niseme kweli. Nilihisi kama shangazi amesimama mlangoni. Nikakata tonge, nikachota dagaa na mchuzi, nikala mimi wa kwanza.

Faraja aliufuata mkono wangu kwa macho kutoka kwenye sinia mpaka mdomoni. Alisubiri nimeze.

"Unakula?" akaniuliza.

"Nakula."

"Mbona siku zote huli?"

"Kwetu anayepika anakula mwisho, ili wengine washibe kwanza. Mama yangu ndivyo alivyonilea."

Akafikiri. Alikuwa anachezea ukingo wa sinia. "Mama yetu alikuwa anakula na sisi," akasema. "Sinia moja."

Hakuwa amewahi kumtaja mama yake mbele yangu. Nikamwambia, "Basi na mimi nitakula na nyinyi."

Akala tonge moja. Nikasubiri aweke mkono chini kama kawaida. Akakata la pili, akakaa nalo mkononi kidogo, akala. Kisha akausogeza ukingo wa sinia kwa mdogo wake akamwambia, "Kula." Yaani Meshaki alikula mpaka nikaogopa. Alikuwa anameza bila kutafuna, mchuzi umemfika kwenye viwiko, na mimi najifanya naangalia ugali ili wasione macho yangu.

Usidhani kila kitu kilikuwa hofu, lakini. Meshaki anachagua kweli kweli. Alipotuliza njaa tu akaanza kuwakata dagaa vichwa na kuvipanga pembeni ya sinia, kwa sababu bado wanamwangalia. Mpaka leo vichwa anawapelekea kuku. Kuku wangu wa Njombe sasa wananuka Bangwe, nikiwafungulia asubuhi nafurahi.

Sikuwaambia kwamba niliwasikia dirishani, na sitawaambia. Baba yao nilimwambia. Alitaka kwenda shuleni kugomba, nikamkataza, nikamwambia utani wa watu wazima hauwezi kufutwa kwa kugombeza watoto. Nikaacha ubunifu wangu wote. Ikawa maharage ya mawese leo, dagaa kesho, maharage tena keshokutwa, vyakula wanavyovijua, na kila siku tonge la kwanza langu. Chakula kipya nikitaka kukileta nakileta taratibu, kimoja, nakaa nacho wiki nzima. Sombe imerudi. Vitumbua vya dagaa havitarudi, hilo tumekubaliana wote.

Shule zikafungwa, na bibi yao akaja kama alivyosema, na kikapu cha njegere na kuku mmoja. Siku mbili kabla nilikuwa nimefua nguo za watoto, nimezipiga pasi nikaziweka kwenye begi lao, likaning'inia msumarini. Sikutaka aondoke nao na nguo chafu. Kila nikipita mlangoni nalikwepa lile begi kwa bega. Faraja aliliona.

Bibi aliwasalimia "kamwene" kwa kuwashika uso, kisha mikono ikashuka shingoni, akazipapasa kama anayechagua nyanya. Walikuwa wamerudi kidogo, si sana, muda ulikuwa mfupi. Mimi nilitaka kumchinja yule kuku aliyekuja naye, nimuunge kwa mafuta meupe, mambo yaishe. Faraja akasema hapana, tupike dagaa. "Dagaa wa mawese," akasema, "na ule ugali unaovutika." Nilimtazama nikidhani ananitania. Nikapika. Chumvi nikaionja mara nyingi mpaka ulimi ukachoka.

Tukakaa mkekani. Nikamnawisha bibi kwa magoti, nikakaa, nikala tonge la kwanza. Baba yao akala. Bibi aliyatazama mawese yalivyotanda mekundu kwenye sinia, na mkono wake ukabaki juu ya goti. "Mimi nimeshibishwa na safari," akasema. Nikayajua hayo maneno, mama. Ndiyo ya Meshaki yale yale. Nikajua begi limeondoka.

Faraja akainuka kwa magoti. Akanyoosha mkono mpaka upande wa sinia uliokuwa mbele ya bibi yake, akakata tonge pale pale, akachota dagaa pale pale, akala. Akafungua mdomo kumwonyesha kwamba amemeza.

"Nimeonja upande wako, Bibi. Unaweza kula."

Bibi akamtazama. "Nani amekufundisha hivyo?"

"Si wewe? Ulisema nisimwache Meshaki ale kitu nisichokijua." Akajifuta mdomo kwa kiganja. "Sasa nakijua."

Hata Meshaki aliacha vichwa vyake. Kisha mkono wa bibi ukatoka kwenye goti, taratibu, ukakata tonge dogo, la pili likawa kubwa zaidi, na baadaye akaniuliza kama nina pilipili.

Jioni alinifuata jikoni nikiwa nasugua sufuria. Akasimama nyuma yangu. "Ni mimi niliyemwambia," akasema. "Nilikuwa nimemzika mwanangu. Nilijua wewe ni nani?" Nikamwambia, "Ningekuwa mimi, mama, ningemwambia hivyo hivyo." Sikusema ili kumpendeza. Ukiniuliza leo nani alikuwa sahihi katika nyumba hii, nitakwambia Faraja.

Kesho yake akafunga mzigo mmoja tu, wake. Begi la watoto lilibaki msumarini. Kwenye mlango akaniuliza kwa sauti ya chini kama naweza kumwekea yale mafuta mekundu kidogo kwenye chupa, ya kuchulia magoti. Nikamjazia. Alipopotea kwenye kona mume wangu akasema, "Magoti gani hayo, yaliyouliza na maharage hulowekwa muda gani?" Tulicheka mpaka nikashikilia nguzo. Kucheka kule, mama, ndiko kulikonikumbusha kwamba siku zote hizo sikuwa nimecheka.

Sasa nina swali kwako, na hili ndilo lililonifanya nitafute kalamu. Nikikaa nao kwenye sinia moja ndiyo naona chakula kinavyoisha. Mikono ile miwili midogo ikianza, unageuka kuchukua maji, ukirudi unakuta sinia linang'aa. Na sisi pale Bangwe tulikuwa wengi, na wavuvi wa baba, na yule mtoto wa jirani. Zile siku za mbalamwezi ambazo mitumbwi haishuki na dagaa hakuna, wewe ulikuwa unabaki na nini kwenye ile sufuria? Nimejaribu kukumbuka nikuone unatafuna kitu zaidi ya ukoko, nashindwa. Nilidhani unaupenda. Usinijibu kwenye simu. Utanijibu nikija.

Maana tunakuja. Shule zikifungwa mwisho wa mwaka tunapanda basi wote wanne, Mungu akipenda. Meshaki anataka kuliona hilo ziwa linalotoa samaki wenye macho. Nimemwambia maji yake ni mengi hadi milima ya Kongo inaonekana kwa shida upande wa pili, hakuamini, akaniuliza nani aliyajaza.

Msalimie Nyandwi, mwambie dumu lilifika bila kuvuja hata tone na safari hii nampongeza. Msalimie shangazi, ambaye najua anasoma begani kwako saa hii. Shikamoo shangazi, na ndiyo, nakula na watoto, utanisema nikifika. Mpelekee salamu dada yangu mkubwa kule Ilagala na shemeji, na baba mdogo wa Kasulu, mwambie pombe ya baba yake mwaka huu nataka kuiona ikionjwa. Na yule mama anayekuuzia migebuka, mwambie ile mikavu ilikuwa mizuri sana, ingawa haikuliwa siku ile.

Faraja amekaa hapa karibu yangu, anamenya njegere, ananiuliza nakuandikia nini. Nimemwambia nakuandikia tunakuja. Ameacha kumenya, ameniagiza nikuandikie neno lake. Anasema anakusalimia, shikamoo bibi wa ziwani, na kwamba kwako atakula, yeye na mdogo wake, dagaa na kila kitu. Lakini anasema wewe hakujui, kwa hiyo siku ya kwanza ukishapika ukae nao mkekani na tonge la kwanza ule wewe, wao wakiona. Bila hivyo hatakula mtu. Huyu mtoto namjua, mama, hatanii. Basi jiandae, kigoda kile ukitoe jikoni.

Ni mimi mwanao anayekula mapema siku hizi,

Skola
Mama Faraja na Meshaki